Epoksi ya Kina, Epoksi ya Juu, Poliesta au Resini ya Mwanga: Jinsi ya Kuchagua kwa Kazi za Mbao

Anayetaka kupamba meza, rafu, trei au kigoda cha mbao kwa resini ya kumimina hukwama mbele ya makopo yanayofanana. Kila kopo lina kimiminika angavu, kila moja lina picha ya ubao unaong'aa kama maji yaliyotulia, na kila moja linaahidi kwamba kazi ni rahisi. Ndani yake, hata hivyo, mna vitu vyenye tabia tofauti kabisa, na tofauti hizo huonekana baada ya kumimina, wakati ambapo hakuna tena la kurekebisha.

Kazi yangu ya kwanza iliharibika kwa sababu hiyo hasa. Nilikuwa na ubao mzito wenye ufa uliokwenda chini sentimita nne, nikaujaza kwa mkupuo mmoja kwa epoksi, aina mojawapo ya resini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka juu ya meza. Muda haukupita mrefu ikaanza kufuka, ikageuka rangi ya asali, na siku iliyofuata nilikuta nyufa zimeikata kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi na nilikoroga kwa uangalifu; nililokosea ni kuchukua kopo lisilo la kazi ile.

Resini haikauki jinsi rangi ya maji inavyokauka. Molekuli zake hushikana zikawa mtandao mmoja mgumu, na kushikana huko huzalisha joto. Resini nyingi ikikusanyika mahali pamoja hushindwa kulitoa joto hilo nje. Joto huharakisha mmenyuko huo wa kemikali, na mmenyuko nao huzidisha joto. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza la mnunuzi lisiwe resini ipi inang'aa zaidi, bali pengo analotaka kulijaza lina kina gani.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima resini nne kwa mizani ileile. Kigezo cha kwanza ni kina kinachoweza kumiminwa kwa mara moja. Cha pili ni muda: dakika au saa unazopata kabla kimiminika hakijaanza kuwa kizito, na siku unazosubiri kabla ya kukitumia chombo. Cha tatu ni jinsi resini inavyoshikana na mbao na kiasi inachosinyaa inapokomaa. Cha nne ni uvumilivu wake mbele ya joto, jua na mikwaruzo. Cha tano ni afya ya anayeifanya kazi, na cha sita ni gharama, ambayo ndani yake nahesabu pia zana ambazo resini husika inazidai. Mng'ao sikuuweka kuwa kigezo, kwa sababu zote nne zaweza kung'aa zikisuguliwa ipasavyo.

Ubao kwanza

Kuna masharti ambayo hakuna resini inayokusamehe ukiyakiuka. Ubao uwe umekauka hadi unyevu wa takribani asilimia 6 hadi 10, upimwe kwa kipimo cha unyevu na si kwa kuukadiria mkononi, maana ubao mbichi utaendelea kusinyaa ndani ya resini isiyosinyaa pamoja nao, na mwisho wake ni kuachana au kupasuka. Gome litolewe lote, pamoja na sehemu laini zilizooza, kwa kuwa resini iliyoshika gome imeshika kitu ambacho chenyewe hakijaushika ubao.

Halafu vinyweleo vya ubao, yaani vitundu vyake vidogo, vizibwe. Ubao una hewa ndani yake, na hewa hiyo hupanuka resini inapopata joto, ikapanda ikiwa viputo kwa saa kadhaa. Njia ya kuizuia ni kupaka kwanza tabaka jembamba la epoksi kwa brashi, hasa kwenye kingo, fundo na ncha za nyuzi, likaachwa lishike kabla ya kumimina kazi yenyewe. Wengi huiruka hatua hii wakiiona ni kupoteza muda, kisha hutumia muda mwingi zaidi wakichimba viputo vilivyoganda juu ya uso.

Epoksi ya kumimina kwa kina

Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa meza za mto, yaani meza ambazo mbao mbili zenye kingo za asili hutenganishwa na mkondo wa resini katikati. Inafaa kukumbuka kwamba Greg Klassen, fundi wa Marekani ambaye kazi zake zilizipa meza hizo umaarufu, alitumia vioo vilivyokatwa kufuata ukingo wa ubao. Kwa hiyo anayependa sura ya mto lakini hapendi resini asidhani amefungiwa njia.

Kuhusu kina, aina nyingi huruhusu kati ya sentimita 2.5 na 5 kwa mara moja, kutegemea mtengenezaji. Kikomo hicho kimewekwa kwa chumba chenye nyuzijoto za wastani na kwa ujazo wa wastani. Chumba kikiwa cha moto, au mkondo ukiwa mpana sana, punguza kina na uelekeze feni juu ya kazi. Kuna pia kikomo cha upande wa pili ambacho huzungumzwa kidogo: ikimiminwa nyembamba mno haipati joto la kutosha, hukomaa polepole kupita kiasi na yaweza kubaki laini kwa siku nyingi. Haikuundwa kuwa koti la juu, yaani tabaka jembamba la kufunika uso.

Muda wake ni mrefu. Inakupa saa kadhaa kabla ya kuwa nzito, na kwa kuwa ni nyepesi kama mafuta, viputo vingi hupanda vyenyewe na kupasuka. Wepesi huo una bei yake, kwa sababu epoksi hii hupenya kwenye kila tundu la kalibu, yaani kisanduku cha kumiminia. Nimejifunza kuziba viungo vya kalibu kwa silikoni, kusubiri ikauke kabisa, kisha kujaribu kwa maji kabla sijaweka ubao ndani. Kuitoa kwenye kalibu huchukua siku mbili hadi tatu au zaidi, na ukomavu kamili huhesabiwa kwa wiki.

Hushikana na mbao vizuri sana na husinyaa kidogo. Uvumilivu wake kwa joto ni wa kawaida: epoksi nyingi za mapambo huanza kulainika kati ya nyuzijoto 50 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo sufuria iliyotoka motoni itaacha alama. Jua huigeuza manjano taratibu hata ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia miale, ingawa dawa hiyo huchelewesha mabadiliko hayo. Kwa sababu hukomaa ikiwa laini kidogo kuliko epoksi ya juu, huchubuka kwa urahisi zaidi.

Gharama ndiyo huwashtua wengi, nami nawasihi wapige hesabu kabla ya kukata ubao. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 ili upate lita. Mkondo wa urefu wa sentimita 120, upana wa wastani wa 15 na kina cha 4 ni sentimita za ujazo 7,200, yaani lita 7.2, na ukiongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya inayobaki kwenye ndoo na inayopenya kwenye nyufa, unahitaji lita 8 na zaidi. Juu ya hapo kuna mbao za kalibu, vibano, kazi ya kusawazisha uso mzima kwa randa au mashine, na msasa kuanzia namba 80 hadi ile laini kabisa. Resini hii inamfaa mwenye subira, mwenye nafasi ambayo haitaguswa kwa siku kadhaa, na mwenye pengo linalostahili gharama hiyo.

Epoksi ya kupaka juu

Epoksi hii ni nzito zaidi, hujisawazisha yenyewe na kuacha uso kama kioo. Mara nyingi sehemu moja ya resini huchanganywa na sehemu moja ya kigumishi, yaani kimiminika kinachoifanya igande, kwa ujazo, wakati ile ya kina mara nyingi huwa mbili kwa moja au tatu kwa moja.

Kina chake ni takribani milimita 3 kwa tabaka. Anayetaka zaidi huongeza tabaka la pili lile la kwanza likiwa limeshika lakini bado linanata kidogo, kwa kawaida baada ya saa chache, ili matabaka yashikane yenyewe. Akichelewa hadi kesho, lazima asugue kwa msasa na kufuta vumbi. Muda wa kufanya kazi ni dakika 20 hadi 40 hivi, na hupungua sana ikiachwa imejaa kwenye ndoo, kwa sababu joto halina pa kutokea. Imwage mezani mara inapokwisha kuchanganyika. Baada ya siku moja hugusika, lakini usiweke kitu kizito wala cha moto juu yake kabla ya wiki moja, na wengine hushauri mwezi.

Hushikana na mbao vizuri, mradi ubao hauna mafuta wala nta. Kwa mikwaruzo ni ngumu kuliko epoksi ya kina, ingawa uso unaong'aa huonyesha kila mstari. Anayeogopa hilo anaweza kuusugua hadi mng'ao wa wastani, ambao huficha mengi. Kuhusu joto na jua haitofautiani sana na dada yake wa kina, ila baadhi ya aina hutengenezwa zivumilie joto kubwa zaidi na hilo huandikwa wazi kwenye maelezo.

Gharama yake ni rahisi kukadiria: lita moja kwa unene wa milimita 3 hufunika thuluthi ya mita ya mraba. Zana ni chache, yaani ndoo mbili, mwiko wenye meno, pimamaji, na mwali wa gesi wa kupitisha haraka juu ya uso ili kupasua viputo. Kalibu haihitajiki, ila matone yatashuka kando, basi bandika selotepu chini ya kingo na uitoe resini ikiwa imeanza kuganda. Inawafaa wanaoanza, na wenye meza, trei au kaunta iliyo nzima inayohitaji koti tu. Kwa nyufa fupi zisizozidi milimita chache inatosha pia, ukijaza kwa hatua.

Poliesta

Poliesta ni kongwe katika kazi za boti na nyuzi za kioo, na bado huchaguliwa kwa vitu vidogo vya mapambo kwa sababu bei yake ni nafuu na hukomaa haraka. Kina chake hutegemea kiasi cha kigumishi. Hapa ipo tofauti ambayo kila anayehama kutoka resini moja hadi nyingine lazima aishike. Kigumishi cha poliesta hutiwa kidogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na kukipunguza au kukiongeza ndani ya mipaka hiyo hubadilisha kasi. Kwa epoksi sivyo: uwiano wake haubadiliki, na anayeongeza kigumishi akidhani ataharakisha kazi hupata resini laini isiyokomaa kamwe.

Muda wa kufanya kazi huwa mfupi, mara nyingi kati ya dakika 10 na 20, na saa chache baadaye kitu hutoka kwenye kalibu. Uso unaogusa hewa hubaki ukinata katika aina zisizo na nta, kwa hiyo hufunikwa kwa karatasi ya plastiki au husuguliwa baadaye.

Udhaifu wake mkubwa kwa mbao ni mshikamano. Husinyaa zaidi ya epoksi, kwa asilimia kadhaa za ujazo, na ubao hausinyai pamoja nayo. Ndipo unapoona mstari mwembamba wa hewa kati ya mbao na resini. Aidha, baadhi ya mbao za jenasi ya Dalbergia, ambayo ndiyo jenasi ya mpingo, zina kemikali asilia zinazoizuia poliesta kukomaa. Mwenye mbao hizo aiache, au azizibe vizuri kwanza. Kwa upande mwingine, ni ngumu, husuguliwa vizuri na kung'aa sana, japo hupasuka kipande ikianguka.

Kwa afya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Harufu yake kali ni ya stirini, mvuke usiopaswa kuvutwa ndani ya nyumba ya kuishi. Kigumishi chake, peroksidi ya ketoni, kikirukia macho kinaweza kuyaharibu kabisa, na kamwe kisichanganywe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, yaani kiongezwa cha kuharakisha mmenyuko, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Inamfaa mwenye karakana iliyo wazi, mwenye barakoa yenye vichujio vya mvuke, anayetengeneza vitu vingi vidogo ambavyo resini ndiyo sehemu kubwa na mbao ni pambo ndani yake.

Resini ya mwanga

Hii haina kigumishi cha kuchanganya. Huganda ikipigwa na taa ya miale ya urujuanimno, mara nyingi yenye mawimbi ya nanomita 365 hadi 405, au ikiwekwa juani. Kina ni milimita moja au mbili kwa tabaka, na muda ni wako wote hadi utakapowasha taa, kisha dakika chache tu. Kwa mwenye mkono unaojifunza, huo ni uhuru mkubwa.

Tatizo lake na mbao ni la wazi: mwanga haupenyi ubao. Resini iliyoingia chini ya ukingo wa ufa au ndani ya tundu la mdudu hubaki kimiminika huku juu pameganda, na rangi nzito ikitiwa ndani yake huzuia mwanga vilevile. Mshikamano wake unatosha kwa mapambo madogo, lakini hauwezi kubeba kazi ya meza. Bei yake kwa gramu ni ya juu kuliko zote, ingawa kinachotumika ni kidogo. Inawafaa wanaopamba vishikio vya droo, visahani vya kuwekea vikombe na fremu, na inawafaa pia mafundi wa epoksi wanaotaka kuziba kitundu kimoja kilichobaki bila kusubiri siku nzima.

Afya na chakula

Harufu ndogo ya epoksi imewadanganya wengi. Epoksi ambayo haijakomaa, hasa kigumishi chake, inaweza kuufanya mwili uwe na mzio wa kudumu: mtu hufanya kazi miezi kadhaa bila dalili, kisha siku moja mikono huwasha na kuvimba, na tangu hapo hata kiasi kidogo humrudishia hali ile. Resini ya mwanga ina hatari ya namna hiyohiyo. Vaa glavu za nitrili, usioshe ngozi kwa asetoni bali kwa sabuni na maji, na unaposugua resini kwa msasa vaa barakoa ya vumbi hata kama inaonekana imekomaa. Usitupe mabaki mengi yakiwa yamekusanyika kwenye ndoo moja, kwa kuwa yanaweza kupata moto. Yatandaze kwenye karatasi ya plastiki yagande.

Kuhusu vyombo vya chakula, angalia kama mtengenezaji ametaja wazi kwamba resini yake ikikomaa yaweza kugusana na chakula, na kumbuka kwamba rangi uliyoongeza haimo katika ahadi hiyo. Kwa ubao wa kukatia, mimi huacha sehemu ya kisu iwe mbao tupu na resini huiweka kwenye mpini au pembeni, maana kisu hung'oa chembe.

Uchaguzi kulingana na kazi iliyo mbele yako

Kama pengo lina kina cha sentimita 2 na zaidi, na ubao umekauka, chukua epoksi ya kina. Kama linazidi kikomo cha kopo, mimina kwa awamu mbili, na panga awamu hizo zikutane mahali ambapo rangi itaficha mstari. Kama resini ina rangi nzito isiyopitisha mwanga, unaweza kupunguza gharama kwa kuweka vipande vya mbao kavu vilivyozibwa ndani ya mkondo, jambo lisilowezekana kwa resini angavu.

Kama meza ni nzima na unataka kuilinda na kuipa kina cha rangi, epoksi ya juu inatosha, na hakuna sababu ya kulipia nyingine. Kama ina ufa mmoja wa kina na unataka pia koti juu, tumia zote mbili: jaza ufa kwa epoksi ya kina, subiri ikomae, sawazisha, kisha paka ya juu. Huu ndio mpangilio ninaoutumia mara nyingi.

Kama unatengeneza vipini, vifungo au mapambo madogo kwa wingi, nje ya nyumba na ukiwa na vifaa vya kujikinga, poliesta itakupa kasi na unafuu. Kama unaishi kwenye chumba kimoja, una watoto, au huna dirisha la kutosha, iondoe kwenye orodha bila kujali bei yake.

Kama hujawahi kumimina chochote, anza na kisahani cha mbao au trei ndogo kwa epoksi ya juu, au na resini ya mwanga ikiwa pambo lenyewe ni la milimita chache. Pima kwa namna maelezo ya kopo yanavyotaka, kwa ujazo au kwa uzito, kwa sababu kigumishi mara nyingi ni chepesi kuliko resini na namba za ujazo hazifanani na za mizani. Koroga taratibu dakika 3 hadi 5 ukikwangua pande za ndoo, hamishia kwenye ndoo ya pili, koroga tena, halafu mimina.

Na kama meza itakaa nje juani, hakuna kati ya hizi nne ambayo ningeipendekeza ikae peke yake bila vanishi ya nje yenye kinga ya miale juu yake, na vanishi hiyo ipakwe upya kila inapoanza kufifia.